Mgombea udiwani, na kwa nini meya hayumo kwenye karatasi ya kura

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haipo. Uwe Mwanza, Arusha, Mbeya, Tanga, Dodoma au Dar es Salaam, huna kura ya kumchagua meya wa jiji lako. Meya ni diwani aliyepewa kura na wakazi wa kata moja, halafu madiwani wenzake wakamchagua na kumvisha joho na mkufu.

Kwa hiyo anayeomba kura ili aingie kwenye uongozi wa jiji anaomba udiwani. Diwani ni mwakilishi wa kata kwenye baraza la madiwani, chombo kinachopitisha bajeti ya halmashauri, kutunga sheria ndogo na kumbana mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe hagombei chochote; anateuliwa na Rais. Watu wengi humchanganya diwani na mwenyekiti wa mtaa. Kata ya mjini ina mitaa kadhaa, na wenyeviti wa mitaa huchaguliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, kama ilivyofanyika tarehe 27 Novemba 2024 chini ya usimamizi wa TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Ukitaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki, unakwenda ofisi ya mtaa. Kwa diwani unapeleka malalamiko ya zahanati isiyo na dawa.

Masharti ya kugombea si magumu kwa kuyasoma: uraia, miaka 21 au zaidi, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, kuwa mkazi wa eneo la halmashauri. Gumu ni moja, kudhaminiwa na chama cha siasa. Mgombea binafsi hakuna. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini sheria imebaki vilevile.

Sharti hilo ndilo linaloamua kura zinatafutwa wapi kwanza. Kabla hajapanda jukwaani, mgombea anapita kwenye kura za maoni za chama chake, na wapiga kura wa huko ni wajumbe wa mikutano ya chama. Katika kata ambazo chama kimoja kina nguvu kuliko vingine, kivumbi kiko hapo. Kampeni za hadharani zinafuata kama utaratibu tu. Wanaozunguka usiku kubisha milango huwa wanaitafuta milango ya wajumbe. Baada ya kura za maoni za CCM, chama tawala, mwaka 2020 msemo wa “wajumbe si watu” ulienea nchi nzima, na waliousema kwa uchungu ni wale walioahidiwa kura na wengi wakaambulia chache. Hata aliyeongoza hana uhakika, kwa kuwa vikao vya juu vya chama ndivyo vinavyoteua, navyo vinaweza kurudisha jina la mwingine.

Kura ya pili ndiyo yetu sote. Mikutano ya kampeni inaruhusiwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, na mgombea udiwani mara nyingi hana uwanja mkubwa. Ana spika juu ya gari, kona ya kijiwe cha bodaboda, baraza la mama lishe, na mwendo wa nyumba kwa nyumba. Zamani alikuwa pia na takrima, yaani vyakula, vinywaji na zawadi kwa wapiga kura. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2000 yaliruhusu ukarimu wa aina hiyo kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006. Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Pilau haikupotea mitaani kwa sababu hiyo, ila sasa anayeipika anajua anavunja sheria.

Ahadi zake ndizo zinazostahili kupimwa kwa makini. Akisema “nitaleta lami hapa”, kumbuka kuwa tangu mwaka 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, ambayo ni wakala wa serikali kuu. Maji Dar es Salaam ni DAWASA, umeme ni TANESCO. Huko kote diwani anaweza kupiga kelele tu, ingawa kelele za diwani mkorofi zina faida yake, siwezi kukataa. Mahali penye mkono wake hasa ni kwingine: taka, masoko na vizimba vyake, stendi, ushuru na ada, ujenzi wa madarasa na zahanati, na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tena diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kikao ambacho mradi wa kata unatakiwa kupita kabla haujafika jijini. Mgombea asiyeitaja kamati hiyo hata mara moja katika kampeni nzima, mimi humtilia shaka.

Kura ya tatu, ya kumchagua meya, hupigwa kwenye ukumbi wa baraza la madiwani. Humo hawamo waliochaguliwa na kata peke yao. Wamo wabunge wa majimbo ya eneo hilo, na madiwani wanawake wa viti maalumu, ambao hupatikana kupitia vyama. Vyama vinapokaribiana, swali la nani ana haki ya kuingia ukumbini linageuka vita. Baada ya uchaguzi wa 2015 vyama vya upinzani vilipata viti vingi Dar es Salaam, na uchaguzi wa meya wa jiji ukaahirishwa mara kadhaa, hadi Machi 2016 Isaya Mwita wa CHADEMA aliposhinda. Januari 2020 baraza likapiga kura ya kumwondoa, naye akapinga. Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja baraza lenyewe, na hadhi ya jiji ikahamia iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Meya akishapatikana hukaa miaka mitano, isipokuwa aondolewe. Naibu wake anarudi kuomba kura za madiwani kila mwaka.

Nairobi waliuacha mfumo huu. Mpaka uchaguzi wa 2013 nao walikuwa na meya aliyechaguliwa na madiwani. Tangu hapo gavana wa kaunti anapigiwa kura na wananchi moja kwa moja, na wadi 85 zinapeleka wawakilishi wao kwenye bunge la kaunti. Mwakilishi wadi wa kule haombi kura ya wenzake ili aliongoze jiji. Ila anayo kura ya kumng’oa anayeliongoza, na Desemba 2020 wawakilishi hao waliitumia dhidi ya Gavana Mike Sonko, Seneti ikaunga mkono, akatoka.