Ufafanuzi: Muziki wa mitetemo 440 hauvurugi akili

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti muziki wa leo umepangwa kwa makusudi kwenye mitetemo 440 kwa sekunde ili kuvuruga akili, na ukishushwa hadi 432 huponya. Si kweli.

Namba hizo zinahusu noti moja tu, La, ambayo wanamuziki huitumia kulinganisha ala zao. Zamani miji ya Ulaya ilikuwa na vipimo tofauti. Ufaransa ilipitisha 435 mwaka 1859. Mwaka 1939, mkutano wa kimataifa uliofanyika London ulikubaliana 440 ili wapigaji wa nchi mbalimbali waelewane. Tena sekunde yenyewe ni kipimo kilichowekwa na watu, kwa hiyo 432 haina siri yoyote ya maumbile.

Tofauti ya 440 na 432 ni takriban theluthi moja ya nusutoni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano. Sikio huutambua wimbo hasa kwa uhusiano wa noti zake. Mama akiuanzia juu au chini kidogo, mtoto anaujua uleule.

Mbona wengine husikia utulivu? Rekodi ikishushwa kwa kupunguza kasi, huenda polepole zaidi. Pia msikilizaji ameshaambiwa atarajie nini. Jipime: mwombe mtu akuchezee wimbo kwa vipimo vyote viwili, kasi ileile, bila kukuambia upi ni upi.

Muziki kweli hutuliza, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mgonjwa akiacha dawa kwa kuamini namba, ataumia. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo; aliyekutumia mjibu kwa upole, umweleze jaribio hilo.