Sheria isiyofika jikoni: riwaya za distopia kwa vijana hulegea wapi

Nikipokea muswada wa distopia kwa vijana, yaani hadithi ya jamii ya kubuni inayoishi chini ya utawala katili, mhusika mkuu namwacha kwanza. Naitafuta sheria ya nchi yake, kisha naifuata mpaka jikoni. Miswada mingi hukwama hapo. Tumeshaambiwa serikali ni katili, kuna ukuta na askari, lakini hatujui sheria hiyo inampunguzia nini mama anayepika usiku huu.

The Hunger Games (2008) ya Suzanne Collins iliipiga hesabu hiyo sawasawa. Mtoto akitimiza miaka 12, jina lake huingizwa kila mwaka kwenye kura ya kifo, inayochagua watoto wa kupigana hadi kufa. Kwao kukiwa na njaa, anaweza kupewa nafaka na mafuta ya kumtosha mtu 1 kwa mwaka, na jina lake linaongezwa tena mara 1. Katniss, mhusika mkuu, huchukua ya kwake, ya mama na ya mdogo wake, juu ya lile jina la lazima: majina 4 kila mwaka, hivyo akiwa na miaka 16 jina lake limo mara 20. La Prim, mdogo wake, limo mara 1 tu, nalo ndilo linalosomwa. Katniss anapojitolea kwenda badala yake, msomaji hahitaji kuelezwa kwamba ni jasiri. Ameshaziona zile nafaka.

Sasa tazama Divergent (2011) ya Veronica Roth. Chicago imegawanywa makundi 5, kila moja na tabia yake kuu, na kijana huchagua kundi akiwa na miaka 16. Tris, mhusika mkuu, anaonekana hatari kwa sababu tabia moja haimtoshi. Lakini kijana gani wa miaka 16 ana tabia moja? Kipaji chake ni hali ya kawaida ya binadamu, kwa hiyo wengine wote inabidi wawe wahusika bapa, wa sura moja tu, ili yeye aonekane duara, mwenye sura nyingi. Kitabu cha tatu kinaleta sababu za kijenetiki, na kurasa nyingi zinaishia kwenye maelezo. Msingi uliokosekana mwanzoni hauzibwi kwa hotuba ya mtaalamu mwishoni.

Penzi la watu watatu nalipima haraka: mfute mvulana mmoja. Msuko usipotikisika, hakuwa na kazi.

Tatizo gumu zaidi ni nafsi ya kwanza. Msimulizi ni msichana mmoja, vita ni vya nchi nzima. Hata Mockingjay (2010), kitabu cha tatu cha Collins kumhusu Katniss, ilinaswa: mji mkuu unaanguka Katniss akiwa hana fahamu kwa majeraha ya moto. Wapo wanaosema vita ndivyo vilivyo, na hoja yao ina uzito, ila anayeanza kuandika asiiegemee.

Fanya hivi. Kila sura iandikie sentensi moja: nani ameamua nini, na amepoteza nini. Kisha angalia vitenzi vya mhusika wako. Ukikuta aliokolewa, alipelekwa, aliambiwa, kauli ya kutendwa sura tatu mfululizo, hapo riwaya imemtoka mikononi. Usimwongezee mapigano. Rudi sura moja nyuma, umpe kitu ambacho yeye peke yake anacho, ufunguo, jina la msaliti, dawa ya mtu mmoja kwa wagonjwa wawili, halafu umlazimishe aamue kabla mlango haujafunguliwa.