Je, wajua kwa nini marudio yenye zebaki hayafai kutiwa sianidi?

Ukitaja uharibifu wa wachimbaji wadogo wa dhahabu wasio na leseni, wengi hufikiria mashimo yaliyoachwa wazi na miti iliyokatwa kuwa matimba, magogo ya kuegemeza kuta za mashimo. Hayo yanaonekana. Katika maeneo kama Geita, balaa lisiloonekana limo kwenye marudio, mchanga unaobaki baada ya dhahabu kuoshwa.

Mawe husagwa kwenye karasha, kisha unga wake hupitishwa na maji juu ya mwalo, ubao wa mteremko uliotandikwa magunia. Mchanga mzito ulionasa hukung'utiwa ndani ya karai, hutiwa zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, na kusuguliwa, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata chembe za dhahabu. Ikikamuliwa kwenye kitambaa hubaki donge ambalo karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Donge huchomwa kwenye mkaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za sentigredi, kwa hiyo hupaa kama mvuke usio na rangi wala harufu, na anayepepea moto ndiye wa kwanza kuuvuta.

Ila si zebaki yote inayofika kwenye donge. Ikisuguliwa, sehemu yake hupasukapasuka kuwa vitone vidogo mno. Vikipakwa tope au mafuta ya mashine havishikani tena, huondoka na maji. Dhahabu nayo huponyoka kwa wingi, hasa ile ya chembe ndogo mno. Ndiyo maana marudio yana soko: hununuliwa na wenye matangi ya sianidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu iliyobaki.

Hapo ndipo mambo huharibika kabisa. Sianidi haichagui, huyeyusha dhahabu na zebaki pia. Zebaki iliyokuwa imetulia chini kwa uzito wake sasa huenda popote maji yaendako. Sianidi yenyewe huvunjika kwa jua na hewa baada ya muda, zebaki haivunjiki. Ikifika kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hupanda kutoka kwenye mwani hadi dagaa, kutoka dagaa hadi sangara, ikiongezeka kila hatua. Kupika hakuiondoi, kwa kuwa imeshikana na protini ya mnofu. Zebaki nyingine hunasa pamoja na dhahabu kwenye kaboni, mkaa maalumu wa kunasa dhahabu iliyoyeyushwa na sianidi. Kaboni ikichomwa, mvuke uleule unarudi.

Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017, unazitaka nchi zenye uchimbaji mkubwa wa aina hii kuchukua hatua za kukomesha sianidi kwenye marudio ambayo hayajatolewa zebaki. Kuitoa kunawezekana: marudio hupitishwa tena polepole juu ya bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha, ambalo hunasa vitone. Haitoki yote. Lakini mwenye tangi ana faida yake hapo, maana zebaki iliyobaki humlia sianidi aliyoinunua na kugombania nafasi na dhahabu kwenye kaboni.