Kina cha fokasi: kwa nini jicho la nzi linatoka wazi na mabawa yana ukungu

Kina cha fokasi ni unene wa lile eneo, mbele na nyuma ya pale ulipolenga, ambalo kila kilichomo huonekana wazi pichani. Ukimpiga picha mtu aliye mita kadhaa mbali nawe, eneo hilo humtosha mzima mzima. Kwa mdudu hupimwa kwa milimita. Chukua kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha) ya mm 36 × 24: umbo la mdudu likiangukia sensa kwa ukubwa wake halisi, yaani 1:1, f/8 (namba ya kitundu cha lenzi: ikiwa kubwa, tundu ni dogo) inakupa takriban milimita moja. Ukikuza mara mbili kwa f/8 hiyohiyo, unabaki na kama milimita 0.36. Kichwa cha nyuki peke yake kinazidi hapo.

Wengi hukimbilia kubana kitundu cha lenzi hadi f/22. Kina huongezeka kweli, lakini mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika, na picha nzima hulainika, hata jicho ulilolenga. Tena, namba inayosomeka kwenye kamera nyingi si hesabu kamili: kwa 1:1, f/16 hufanya kazi kama f/32. Kwa hiyo f/8 hadi f/11 inatosha kwa 1:1, na ukikuza mara mbili rudi f/5.6 au f/8.

Kina cha bure kiko kwenye pembe. Panzi akipigwa ubavuni, au kipepeo aliyefumba mabawa, huwa karibu bapa. Weka sensa sambamba naye na milimita moja itafika mbali. Ukimpiga kwa mshazari, chagua jicho, mengine yaache yafifie.

Sasa mwanga. Kwa f/11 na 1:1, kinachofika kwenye sensa ni robo tu ya kile ambacho f/11 hutoa kwa mambo ya mbali, na mtikisiko wa mkono nao umekuzwa. Ndiyo maana flashi inahusu ukali wa picha, si mwangaza tu. Anza na ISO (kiwango cha sensa kuhisi mwanga) 100 au 200, shata 1/200 ya sekunde, kila kitu ukikipanga mwenyewe badala ya kuiachia kamera. Flashi ikiwa kwenye 1/16 ya nguvu yake kamili, mmweko wake kwa kawaida ni mfupi kuliko 1/2000 ya sekunde, na huo ndio unaomgandisha mdudu. Kwa nguvu kamili mmweko hurefuka na ukungu wa mtikisiko hurudi. Basi usipandishe nguvu kabla ya kusogeza chanzo: kutoka sentimita 20 hadi 10, mwanga huongezeka karibu mara nne.

Ulaini wa mwanga hutokana na ukubwa wa chanzo machoni pa mdudu. Kufunga tishu kwenye kichwa cha flashi hakusaidii sana, kwa kuwa chanzo kimebaki na upana uleule. Pinda karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, kama sentimita 20 kwa 20, iwe paa mbele ya lenzi, juu ya mdudu, na uache nafasi kati yake na flashi ili mwanga utanuke kabla ya kuigusa. Mgongo wa mbawakawa ni kioo cha kukagulia kazi yako: doa dogo jeupe lenye ukingo mkali lina maana chanzo ni kidogo mno, doa kubwa lenye kiini kinachowaka lina maana mwanga umerundikana katikati ya karatasi, ongeza tabaka la pili. Mandharinyuma ikitoka nyeusi tii, flashi haikuifikia. Pandisha ISO hadi 800 huku ukipunguza nguvu ya flashi, au weka jani nyuma ya mdudu.

Fokasi ya kujiendesha izime. Weka ukuzaji unaoutaka, kisha sogea mbele na nyuma na mwili wako, ukibonyeza jicho linapokuwa wazi. Piga kumi, mbili zitafaa. Mkono wa kushoto ushike shina alilotua mdudu na kubeba lenzi kwa wakati mmoja, ili vyote vitikisike pamoja.

Kuunganisha kwa programu picha nyingi, kila moja ikiwa imelenga sehemu tofauti ya mdudu, hufaa kwa mdudu aliyetulia tu, hasa alfajiri akiwa bado na baridi. Hatua kati ya picha iwe nusu ya kina: kina kikiwa milimita 1, sogea 0.5, usiruke. Vipapasio vikicheza katikati ya mfululizo, sisimizi wako atatoka na vipapasio vinne.