Kidole Tumbo Hakitibiwi kwa Haluli

Kidole tumbo ni nini, na jina lake la kitabibu limetoka wapi?
Ni kijifuko chembamba, chenye urefu wa kiasi cha sentimita 6 hadi 9, kilichoshikamana na mwanzo wa utumbo mpana, chini ya tumbo upande wa kulia. Kwa Kilatini huitwa *appendix vermiformis*: neno la kwanza linatokana na *appendere*, yaani kutundika kitu kwenye kingine, na la pili lina maana ya chenye umbo la mnyoo.

Kwa hiyo maradhi yake husababishwa na minyoo?
Jina linaeleza umbo tu. Mara nyingi kijifuko huziba, kikavimba na kuoza, na dawa ya minyoo haikizibui.

Mgonjwa huhisi nini?
Maumivu huanza kitovuni, kisha baada ya saa kadhaa huhamia chini kulia, yakifuatana na kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, na homa kidogo. Kukohoa au kutembea huyazidisha.

Nyumbani tunasema ni chango. Je, tumpe haluli na kumkanda tumbo kwanza?
Hapana. Tunaomba jambo hili lisikike Unguja na Pemba: haluli, sanamaki na dawa yoyote ya kuharisha zinaweza kukipasua kidole tumbo kilichovimba, na kukikanda ni hatari vilevile. Wagonjwa wengi tunaowapokea wakiwa na usaha tumboni wamekwisha kunyweshwa na kukandwa, huku wazee wakisubiri chango kitulie.

Na kama kimetulia kweli?
Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Maumivu makali yakikoma ghafla, huenda kidole tumbo kimepasuka, na baada ya muda tumbo zima huuma na kukakamaa. Msirudi kulala, nendeni hospitali.

Tusubiri hadi asubuhi?
Msisubiri. Hatari ya kupasuka huongezeka sana maumivu yakishapita siku moja na nusu. Reginald Fitz, daktari wa Boston aliyeyapa maradhi haya jina mwaka 1886, alihimiza upasuaji wa mapema tangu wakati huo, na inasikitisha kwamba bado tunabembelezana. Anayeishi Kojani au Tumbatu, ambaye lazima avuke bahari kwanza, aondoke maumivu yanapohamia kulia, bila kula wala kunywa chochote, kwa kuwa huenda akapasuliwa siku hiyo hiyo.