Kitendawili cha Easterlin: pesa na furaha

Kitendawili cha Easterlin ni swali la uchumi ambalo bado linabishaniwa: ikiwa mwenye pesa huwa na furaha kuliko jirani yake asiye nazo, mbona nchi nzima ikitajirika watu wake hawazidi kuwa na furaha? Richard Easterlin, mwanauchumi wa Marekani, aliliweka wazi kwa takwimu mwaka 1974. Alikusanya majibu ya watu walioulizwa kama wana furaha, akayatazama kulingana na mapato yao. Ndani ya nchi moja, wenye kipato kikubwa walijibu vizuri zaidi. Lakini Marekani, kati ya 1946 na 1970, mapato yalipanda sana na furaha ya wastani haikupanda pamoja nayo.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mawili. La kwanza ni kujilinganisha. Mtu wa Katuba, komini (mtaa) ya mji wetu wa Lubumbashi huku Kongo, akinunua pikipiki wakati majirani wote wanatembea kwa miguu, anajiona amepanda ngazi. Barabara nzima ikiwa na pikipiki, yake inabaki chombo cha kumfikisha kazini. La pili ni kuzoea. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake walichapisha utafiti mdogo juu ya watu 22 walioshinda bahati nasibu huko Illinois. Washindi hawakuwa na furaha kuliko wenzao ambao hawakushinda, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki, yaliwapendeza kidogo kuliko yalivyowapendeza wenzao.

Hapa ndipo watu wengi husimama, wakasema basi sayansi imethibitisha kwamba pesa haileti furaha. Nimesikia maneno hayo Lubumbashi, akiambiwa mwalimu anayedai mishahara ya miezi. Yananiuma, kwa sababu Easterlin hakusema hivyo. Takwimu zake za 1946 hadi 1970 zilihusu nchi ambayo watu wengi walikuwa tayari wanakula, wanalala chini ya paa imara na wanapeleka watoto shule. Hazikumhusu mtu anayehesabu franka ili aone kama leo bukari (ugali) itapatikana.

Kuna jambo la zamani zaidi ambalo lingepaswa kutangulia. Mwaka 1738 Daniel Bernoulli, mtaalamu wa hesabu wa Uswisi, aliandika kwamba faida ya pesa mpya inategemea mtu ana kiasi gani tayari. Chukua dola 50. Kwa mama anayeuza makala (makaa) sokoni, hiyo ni minervali, yaani karo ya shule, iliyokuwa imekwama na mtoto aliyerudishwa nyumbani anaingia darasani Jumatatu. Ni dawa, ni deni la duka limefutwa, ni mwenye nyumba amenyamaza kwa muda. Kwa injinia wa kampuni ya shaba, ni chakula cha jioni cha watu wachache. Noti ni zilezile. Kwa hiyo wataalamu wengi leo hawahesabu dola zilizoongezeka, wanahesabu kipato kimezidishwa mara ngapi: kutoka 100 kwenda 200 ni hatua sawa na kutoka 1,000 kwenda 2,000. Mwaka 2008 Betsey Stevenson na Justin Wolfers walitumia kipimo hicho kwa nchi nyingi, wakaona kwamba watu wa nchi tajiri wanaridhika zaidi na maisha yao, wala hawakuona kiwango ambacho pesa inaacha kusaidia. Easterlin hakukubali, na aliendelea kuitetea hoja yake kwa miaka mingi.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi unatoka Kenya, nchi yenyewe, si komini yetu ya Lubumbashi yenye jina hilo. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walifuatilia familia maskini za magharibi ya nchi hiyo zilizopewa pesa bila masharti, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Familia hizo zilikula vizuri zaidi, na walipoulizwa walisema wana furaha zaidi na wameridhika zaidi na maisha. Waliopewa kila mwezi waliimarisha hasa chakula. Waliopewa kwa mkupuo walinunua zaidi vitu vya kudumu.

Tofauti hiyo ya kila mwezi na mkupuo, Lubumbashi tunaifahamu bila utafiti. Mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya serikali ya kuchimba shaba, katika miaka yake mizuri hakuwa tajiri. Alikuwa na mshahara, mposho (mgao) wa unga, shule ya watoto, hospitali, mara nyingi na nyumba. Kampuni ilipoanguka mishahara ikakatika kwa miezi na miezi. Kisha, mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, uliogharamiwa na Benki ya Dunia, kila mmoja na malipo ya mara moja. Kwa wengine ilikuwa pesa nyingi kuliko walizowahi kushika. Lakini nani angeiita furaha? Kilichokuwa kimepotea ni uhakika wa mwezi ujao, na uhakika huo hauonekani ukitazama tu jumla ya pesa zilizopokelewa.

Naona hili ndilo pengo kubwa katika mjadala wote. Takwimu hupima kiasi, mara chache hupima kama pesa itakuja tena na lini. Akina mama wa likelemba, kikundi ambacho kila mmoja huchanga na kupokea mchango wote kwa zamu, hawapati riba hata franka moja, na atakayepokea wa mwisho amewatangulizia wenzake pesa zake kwa miezi. Hata hivyo wanajiunga, kwa sababu kila mmoja anaijua zamu yake, na anaweza kumwambia mkuu wa shule tarehe ambayo atalipa.