Je, wajua kwa nini mlango wa hema hulowa hata usiku usio na mvua?

Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala kwenye mahema safari nzima. Vibanda vya kulala wageni viko njia ya Marangu peke yake. Katika kambi ya Shira, zaidi ya mita 3,700 kutoka usawa wa bahari, usiku unaweza kupita bila hata wingu moja, na bado alfajiri ukivuta zipu unadondokewa na maji baridi shingoni. Yametoka wapi?

Mengi umeyatoa wewe mwenyewe. Kila pumzi inayotoka ina mvuke, na ardhi nayo hupumua unyevu wake, hasa penye majani. Usiku wa anga tupu joto hupotea haraka, kitambaa cha nje cha hema kikapoa kuliko hata hewa inayokizunguka. Mvuke ukikigusa hugeuka matone. Baridi ikizidi, huganda. Sasa zipu ikivutwa hema lote hutikisika, na yote yaliyoning'inia humwagika mlangoni.

Kwa hiyo kulifunga hema kila upenyo ili lisiingie unyevu ni kuufungia unyevu ndani. Acha zipu ya nje wazi kwa juu, kama upana wa kiganja, na mlango uupe upepo kisogo. Usipige hema kwenye kibonde: hewa baridi hutelemka usiku na kutuama humo, na umande huwa mwingi. Ukiamka, fungua mlango wa ndani polepole, ufute kitambaa cha nje kabla ya kukitikisa.

Mvua ikinyesha kweli, adui mkubwa ni turubai la chini lililotokeza mbele ya mlango. Watu huliacha hivyo wapate pa kukanyaga, na inasikitisha kuona lilivyowageuka usiku: maji yanayotiririka kutoka juu huangukia hapo, yanakosa pa kuzama, yanapenya chini ya sakafu mpaka kwenye magodoro. Likunje liishie ndani ya ukingo wa hema. Pa kukanyagia tandika gunia la mkonge. Maji hupita, na nyuzi zake hukwangua tope. Mfereji kuzunguka hema usichimbe, maana mlimani udongo uliochimbuliwa huondoka na mvua.

Vumbi nalo lina madhara yake. La huko juu ni la volkano, laini lakini lenye chembe kali zinazosaga meno ya zipu hadi yasishikane. Mswaki mkuukuu unatosha kuyasafisha kila jioni. Viatu vivuliwe ukiwa umekaa mlangoni, miguu nje, uvigonge visigino, kisha vilale kati ya kitambaa cha nje na cha ndani. Kama kambi iko nyikani, vikung'ute tena asubuhi kabla ya kuvaa, kwa sababu nge hupenda kujificha humo.